Beji Nyeupe

Mimi ndiye wa langoni. Miaka kumi na tisa
nimegawa beji katika kiwanda hiki cha karatasi, Kotka,
ambako mto unaingia baharini ukinuka mbao zilizochemshwa.
Buluu ni yetu. Manjano ni ya mkandarasi.
Kijani ni ya mkandarasi wa mkandarasi.
Baada ya hapo rangi zilituishia
na waliobaki tukawapa nyeupe,
yenye neno moja: MGENI.

Aivo Lepik alifika Jumatatu, juma la kuzima mitambo,
kwa feri ya alfajiri kutoka Tallinn,
theluji iliyoyeyuka ikimchuruzika ukosini.
Aliniuliza choo kiko wapi, na kama kantini ina mkate mweusi.
Nikamwonyesha choo. Nikampa nyeupe.
Saa mbili baadaye alikuwa ndani ya tangi
na nyundo, akibandua ukoko mgumu kama mfupa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi jembe tulimpa siku ileile,
na ugeni hatukumvua.

Basi nani alifunga vali?
Ilpo, wa buluu, alidhani manjano wamefunga:
kazi waliichukua nzima nzima, pamoja na bei yake.
Manjano walidhani ni buluu: bomba ni la kiwanda,
mvuke ni wa kiwanda, hata kutu ni ya kiwanda.
Kijani walikuwa wameahidiwa karatasi yenye muhuri
na karatasi ilikuwa njiani.
Aivo hakudhani. Hakuna aliyemwambia kuna vali.

Sikusikia kishindo. Nilisikia redio ya upepo ikinyamaza,
kisha mtu akilia kwa Kiestonia,
lugha iliyopakana na yangu kama vyumba viwili vyenye ukuta mmoja:
maumivu unayaelewa, maneno yanakupita.
Mikono yote miwili, hadi viwikoni.
Ambulensi ilipofika, kanuni ilinitaka
niwape wahudumu beji.
Niliwapa nyeupe.

Alhamisi, kikao. Mikataba ilisomwa
kama ukoo unavyotajwa kwenye mirathi,
ila hapa kila mrithi alimsukumia mwenzake urithi.
“Ukurasa wa arobaini na moja,” alisema wakili wa manjano.
“Kiambatisho cha tatu,” akajibu wetu.
Walikuwa wapole. Walimiminiana kahawa.
Jukumu lilizunguka meza ile kama sahani ya biskuti
na kila mtu alikuwa ameshiba.

Mimi niliitwa kuthibitisha saa aliyoingia.
Nikathibitisha. Halafu sikuketi.
Nikauliza: ufunguo wa kufuli ya vali ile
hukaa mfukoni mwa nani?

Ilpo akajipapasa, bila kukusudia,
kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni pake.
Ulikuwa pale. Umekuwa pale tangu barafu ya Aprili.

Kazi huuzwa. Nimeiona ikiuzwa mara nne kabla haijafika chini,
na kila mkono iliopitia ukimega kipande.
Lakini mvuke haujui nani kauziwa nini.
Anayeshika ufunguo amemshika na aliye ndani.
Hilo halimo katika ukurasa wa arobaini na moja.

Sasa kila beji ninayotoa, rangi yoyote,
inatoka na kufuli nyekundu na ufunguo mmoja tu.
Ukiingia, unaning'iniza yako. Haitoki mpaka utoke wewe.
Kauko wa mahesabu amenipigia simu mara mbili
kuuliza kufuli hizo ziingie kwenye bajeti ya nani.
Nimemwambia ashuke langoni tuongee.
Bado hajashuka.

Juzi ilikuja kadi kutoka Võru,
mwandiko wa mkewe:
Aivo anasema ile beji bado anayo, airudishe kwa nani?

Nimechapa mpya, ya buluu, yenye jina lake.
Iko kwenye droo, chini ya kalamu.
Sijui kama ni zawadi au ni tusi.
Kila asubuhi naifungua droo, naisoma,
halafu kengele ya lango inalia.